Ukialikwa Mwaka Mpya kijijini Shandong: mambo niliyofunzwa kwa mama mkwe

Mwaka wa kwanza nilimrudishia mama mkwe yuan moja.

Alikuwa amenikabidhi bahasha nyekundu kwa mikono miwili, mashangazi wote wa mume wangu wakitazama. Nikaenda nayo chumbani, nikahesabu: elfu moja na moja. Mimi nimekulia dukani kwa baba yangu, Muheza, na kwetu chenji iliyozidi inarudishwa. Nikatoka na ile sarafu kiganjani nikamwambia, kwa Kichina changu cha kuokoteza, kwamba amekosea kuhesabu. Sebule nzima ikaangua kicheko, yeye akajifunika uso kwa aproni. Baadaye nikaelezwa kwamba elfu moja na moja ni maneno, siyo hesabu: kati ya watu elfu, mwanangu amempata huyu mmoja. Mchumba anayeingia kwao mara ya kwanza hupewa hivyo. Na mimi nilikuwa nimeirudisha ile moja yenyewe.

Sasa nina miaka tisa ndani ya familia hii. Mimi na mume wangu tunaishi Yiwu, mji wa biashara hapa China, nafungasha mizigo ya wafanyabiashara wa Kariakoo, na kila msimu ukikaribia kuna kijana au binti atakayeniuliza: "Dada, nimealikwa kwao, nifanyeje?" Nitasema ninavyovijua. Kwao mume wangu ni kijiji karibu na Qufu, mji aliozaliwa Confucius, mkoa wa Shandong. China ni kubwa. Ukialikwa Guangdong au Sichuan mengi yatakuwa tofauti, hata chakula cha mkesha chenyewe. Kwa hiyo haya yachukue kama ya Shandong, na kwingine uulize kwanza.

Kabla hujatoka

Mwaka Mpya wao hufuata mwezi, kwa hiyo huhamahama kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari. Mwaka 2026 ni tarehe 17 Februari, 2027 ni tarehe 6 Februari. Msimu wa kusafiri una jina lake kabisa, chunyun, na huchukua siku 40: siku 15 kabla ya sikukuu na 25 baada yake. Kila aliyeko mjini anataka kurudi kwao. Mchaga anayefikiri anajua msongamano wa Desemba wa kwenda Moshi, aje asimame stesheni ya Hangzhou siku tatu kabla ya mkesha.

Tiketi za treni huanza kuuzwa siku 15 kabla ya safari kwenye programu ya 12306. Jisajili kwa pasipoti wiki kadhaa mapema, maana uhakiki wa pasipoti ya mgeni huweza kuchelewa, na siku ya kuuzwa tiketi hakuna wa kukusubiri. Kituo chetu sisi ni Qufu Dong, cha treni ya kasi. Kutoka hapo binamu wa mume wangu hutupokea kwa guta la umeme, mizigo nyuma, sisi juu ya mizigo.

Jambo ambalo wengi hawalijui: mgeni anayelala nyumba ya mtu badala ya hoteli anatakiwa kuandikishwa kituo cha polisi cha eneo hilo ndani ya saa 24. Nenda na mwenyeji wako, pasipoti mkononi. Kijijini askari mwenyewe anaweza kuwa hajawahi kumwandikisha Mwafrika, mkaenda mkakaa saa nzima mnatafuta neno Tanzania kwenye orodha ya kompyuta. Chukua karanga za kutafuna.

Nguo: nyumba za kijijini huwa na ua katikati na vyumba pembeni, na vyumba vya kulala mara nyingi havina moto. Usiku maji huganda kwenye ndoo. Utapewa blanketi la umeme. Liwashe nusu saa kabla ya kulala, ulizime ukiingia. Vaa suruali ya ndani ndefu ya kubana, tena mbili. Choo cha kwetu kiko uani, na hilo ndilo litakalokufundisha kutokunywa chai usiku.

Nywele kata au suka kabla. Mwezi wao wa kwanza mtu hanyolewi, kwani wanasema anayenyoa mwezi huo anamuua mjomba wake. Ni imani ya kale, vijana wanaicheka, lakini ninawaona vinyozi wa pale kijijini wamefunga mpaka siku ya pili ya mwezi wa pili, kisha foleni inafika barabarani. Siku ya kwanza ya mwaka watu hawaoshi nywele pia, wasije wakaosha bahati. Mwenye rasta hapo hana shida. Shida yake ni bibi wa jirani anayetaka kushika kila rasta ahakikishe imeotea kichwani.

Mzigo wa kubeba

Usiende mikono mitupu, na usipeleke vitu vinne. Namba nne inatamkwa karibu sawa na kifo. Peleka viwili, sita au vinane, vyema viwe jozi. Hapa ndipo khanga inapong'ara. Doti ni vipande viwili, na wao wanaamini jema huja kwa jozi, kwa hiyo zawadi yako imeshabarikiwa kabla hujafungua mdomo. Chagua yenye wekundu mwingi. Nyeupe na nyeusi achana nazo, ni rangi za msiba. Mama mkwe alipoiona ya kwanza aliuliza yale maandishi yanasema nini. Nikamtafsiria, akaenda kumtafsiria kila jirani, mpaka likarudi kwangu likiwa na maana nyingine kabisa.

Korosho wanazipenda mno. Kahawa wazee hawanywi. Wataiweka kabatini karibu na mvinyo wa miaka. Saa ya ukutani usipeleke, maana maneno ya "kutoa saa" yakisikika kwa sikio ni sawa na "kumsindikiza anayekufa". Mwavuli na peya navyo vinasikika kama kutengana.

Halafu kofia. Mwaka ule wa kwanza nilimnunulia baba mkwe kofia nzuri ya Yanga, kijani safi, nikijua atashinda nayo shambani kwenye ngano. Mume wangu akaikuta begini Yiwu usiku wa kufungasha. Akakaa chini, akacheka hadi akakohoa. Mwanamume wa Kichina akivaa kofia ya kijani anautangazia ulimwengu kwamba mkewe ana bwana nje. Kofia ilibaki Yiwu. Wenzetu wa Simba hapa wanafaidi, kwa sababu nyekundu ndiyo rangi ya heri, na inaniuma kuandika sentensi hii.

Ukiwa umeshaajiriwa au umeoa, andaa bahasha nyekundu za watoto na wazee. Noti ziwe mpya, chukua benki wiki moja kabla. Kiasi kiwe shufwa, kisiwe na nne. Ile elfu moja na moja ni ya pekee kwa sababu yake. Wa mbali watumie kwa simu. Bahasha ya WeChat mwisho wake ni yuan 200, hivyo hakuna wa kukulaumu kwa uchache. Ukipewa wewe, pokea kwa mikono miwili baada ya kukataa mara mbili. Kukataa huko kuwe kwa nguvu kidogo, msukumane, ndiyo heshima. Usifungue mbele yao. Na usirudishe chochote.

Majina

Ungeniuliza nikuambie jambo moja tu, ningekuambia hili. Jifunze majina ya undugu. Watakusamehe vijiti vya kulia, watakusamehe lafudhi, hata kofia pengine. Lakini ukiingia mlangoni ukamwita kila mzee kwa jina lake la undugu, umeshapita mtihani.

Na sisi tuna bahati kuliko Mzungu. Yeye ana neno moja kwa kaka wa baba na kaka wa mama, na lile lile kwa mume wa shangazi. Akifika Shandong anapotea. Sisi tunajua kuna baba mkubwa, baba mdogo na mjomba, na kwamba shangazi si mama mdogo. Wachina nao wanajua. Baba mkubwa ni daye (sehemu nyingine bobo), mkewe daniang. Baba mdogo ni shushu, mkewe shenzi. Shangazi ni gugu. Mjomba ni jiujiu, mkewe kwa Kishandong ni jinzi. Dada wa mama ni yi. Babu na bibi wa upande wa baba ni yeye na nainai. Wa upande wa mama, kaskazini huku, ni laoye na laolao. Kwenye maandishi yao ya Kilatini herufi q soma kama "ch" na x soma kama "sh", utakuwa umekaribia.

Wakiwa wengi wanahesabiwa. Baba mdogo wa tatu kuzaliwa ni sanshu, wa nne sishu. Hapo nne haina mkosi, usiniulize kwa nini. Baba mkwe ni wa pili kati ya watano, na mwaka wa kwanza nilichora ukoo mzima nyuma ya karatasi ya ankara ya mizigo, nikawa nakwenda chooni kusoma.

Kwenye mabinamu ndipo tunapokaribiana kisha tukaachana. Kwetu mtoto wa baba mkubwa ni ndugu yako, na wa shangazi au mjomba ni binamu. Nao wana kundi la tang, watoto wa kaka za baba, ambao ni wa nyumba moja na ukoo mmoja, na kundi la biao, yaani waliobaki wote. Tofauti ni watoto wa mama mkubwa na mama mdogo. Kwetu ni ndugu kabisa. Kwao ni biao, kwa sababu jina la ukoo ni jingine. Nilimwambia mume wangu kwamba nimenyonya pamoja na mtoto wa mama mdogo, akasema ndiyo, lakini biao.

Familia za siku hizi ni fupi. Sera ya mtoto mmoja iliyoanza kote nchini mwaka 1980 ilidumu mpaka 2015. Vijijini sehemu nyingi, Shandong ikiwemo, mwenye mtoto wa kwanza wa kike aliruhusiwa wa pili. Ndiyo maana mume wangu ana dada mmoja mkubwa na basi, kama nusu ya wanaume wa rika lake pale kijijini. Mtoto wetu ana shangazi mmoja tu, na hatakuwa na baba mkubwa wala mdogo. Yale majina nayajifunza kwa ajili ya wazee. Binti yangu atayakuta kwenye hadithi.

Kwa wakwe, neno la "mama" usilitumie mpaka ndoa. Kabla yake ni ayi, yaani mama mdogo wa heshima, na shushu. Siku ya harusi ndipo unapobadili mdomo, kwa Kichina gaikou: unawapa chai kwa mikono miwili, unaita "Ma" na "Ba" kwa sauti, nao wanakupa bahasha ya kubadilishia mdomo. Nilipompigia mama yangu Muheza kumwelezea, akasema, "Kumbe nao wana kipamkono." Si kitu kile kile, lakini sikubisha.

Mkesha

Maandalizi huanza wiki moja kabla. Tarehe 23 ya mwezi wao wa mwisho mungu wa jikoni hupanda mbinguni kutoa ripoti ya nyumba, akapakwa peremende ya kunata mdomoni ili maneno yake yawe matamu. Kisha nyumba inafagiliwa kuanzia dari, kisha unga unaumuliwa. Mikate ya mvuke, mantou, inapikwa mingi ya kuliwa siku nyingi, mingine imechomekwa tende juu. Wewe mgeni utapewa kazi ya kubandika maandishi mekundu mlangoni. Kuna mstari wa kulia na wa kushoto. Ukiubadili, mwalimu mstaafu atapita atakusomea. Herufi ya fu, baraka, unaweza kuiona imegeuzwa juu chini: kwa Kichina "imegeuka" na "imefika" zinasikika sawa. Baba mkwe anasema mlango mkubwa haugeuzwi, ni ndani tu.

Alasiri ya mkesha wanaume hutoka kwenda makaburini kuwaalika wazee waliotangulia. Wanarudi nao, ndivyo wanavyosema, na sebuleni hutundikwa karatasi ndefu yenye majina ya vizazi, mbele yake chakula na ubani. Kuanzia hapo nyumba imejaa. Sema taratibu. Usimwage maji uani ovyo, unaweza kumlowesha babu wa babu. Binti aliyeolewa hatakiwi kuwepo kwao saa hiyo, ndiyo maana wifi yangu mkesha yuko kwa wakwe zake, hata kama ni dakika kumi kwa baiskeli.

Na hapo ndipo nilipofanya kosa langu kubwa. Wakisharudi kutoka makaburini, fimbo hulazwa chini kuvuka kizingiti cha lango. Mimi sikuambiwa. Mwaka wangu wa pili, jioni, nimebeba karai la maji ya mboga, nikajikwaa kidogo. Nikaona gongo limeachwa njiani, nikaliokota, nikaenda nalo jikoni nikaliweka juu ya kuni, karibu na mdomo wa jiko. Baba mkwe ni mtu asiyesema. Aliingia, akaliona, akalichukua, akalifuta vumbi kwa mkono wa koti lake, akatoka. Nikamchungulia dirishani. Alililaza pale pale, akasimama langoni amekunja mikono, akaongea maneno machache na giza. Kisha akarudi, akanipa mandarini moja iliyomenywa. Usiku mume wangu akanieleza: ile fimbo inawazuia wazee wasiondoke mapema, na inawazuia mizimu ya watu wengine isiingie kula. Kwa hiyo kwa dakika kadhaa mimi nilikuwa nimeacha lango wazi. Ukiona fimbo chini, iruke.

Jiaozi hutengenezwa jioni hiyo hiyo, watu wote wakizunguka meza na runinga ikiwa imewashwa kwenye tamasha la CCTV, televisheni ya taifa ya China, linaloonyeshwa kila mkesha tangu 1983. Hakuna anayelitazama, na likizimwa kila mtu analalamika. Jiaozi ni kama sambusa ndogo za kuchemsha. Unga wa ngano na maji baridi, ukandwe mpaka uwe laini kama ndewe la sikio, ulale nusu saa chini ya kitambaa. Kabichi ya Kichina ikatwe ndogondogo, itiwe chumvi, ikamuliwe maji kwa nguvu zote. Ikibaki na maji, ngozi itapasuka. Kila kidonge cha unga kisukume kwa kifimbo ukizungusha, pembeni pawe pembamba kuliko katikati. Mswahili aliyezoea chapati husukuma sawa kote, nami ilinichukua miaka miwili kuacha. Weka kijiko cha nyama, kunja nusu mwezi, bana katikati kwanza kisha pembe mbili. Panga juu ya kifuniko cha mabua ya mtama, mistari ielekee upande mmoja. Kwenye chache huingizwa sarafu iliyochemshwa. Atakayeipata ana mwaka mzuri. Tafuna polepole. Kujaza meno huku ni ghali.

Kuchemsha: maji yakichemka tia, koroga kwa mgongo wa mwiko zisishike chini. Yakipanda, mwagia kikombe cha maji baridi. Fanya hivyo mara tatu, zikielea zimenenepa, epua. Ikipasuka moja ndani ya sufuria usiseme imepasuka. Sema "zheng le", imeingiza faida. Vivyo hivyo ukivunja bakuli siku hizo, sema "suisui ping'an", neno la "vipande" likisikika kama "mwaka hata mwaka, amani". Lugha yote ya siku zile ni ya kukwepa mkosi kwa sauti, na mtu aliyelelewa na mafumbo ya khanga hataona ajabu.

Kwa Mwislamu: sema mapema, siku mwaliko unapotolewa, siyo mezani. Neno ni qingzhen, yaani halali. Nguruwe si nyama tu, mafuta yake huingia hata kwenye mboga na kwenye unga, na sufuria ni ile ile. Habari njema ni kwamba nyumba nyingi za Shandong jiaozi za usiku wa manane au za alfajiri ya kwanza huwa hazina nyama kabisa, za mayai, tofu na mboga, kwa sababu neno la "bila nyama" linasikika kama utulivu. Omba uzitengeneze wewe na utumie mafuta uliyoyabeba. Watakuelewa kuliko unavyodhani. Jining, mji wa jirani, kuna Wahui, Waislamu wa Kichina, wa enzi na enzi.

Mezani

Shandong wana sifa ya utaratibu wa kukaa, usijikalie. Anayealika hukaa akitazama mlango, mgeni mkubwa kuliani kwake, wa pili kushotoni. Subiri uvutwe mkono. Samaki huja mzima na kichwa chake huelekezwa kwa mgeni mkubwa; ukielekezewa wewe, lazima unywe kwanza ndipo wengine waguse. Samaki wa mkesha hamalizwi, abaki wa kesho, kwa kuwa "samaki" na "ziada" ni sauti moja.

Ukigonganisha glasi na mzee, yako iwe chini ya yake. Yeye naye atashusha, nawe ushushe, mnaweza kufika sakafuni. Usiyekunywa pombe kali sema "yi cha dai jiu", chai badala ya pombe, na ushikilie neno hilo kuanzia glasi ya kwanza. Anayekunywa moja hana pa kujificha. Vijiti usivichomeke wima kwenye bakuli la wali, huo ni ubani wa maiti, na usigonge navyo bakuli, hiyo ni omba-omba. Bakuli lako likiisha litajazwa. Ukishiba acha chakula kidogo.

Maji ni ya moto, siku zote, hata ukiwa unatoka jasho. Kwa mwanamke ni zaidi. Nilipojifungua, mama mkwe alikuja Yiwu akanikalisha ndani mwezi mzima, zuo yuezi: uji wa ulezi mdogo wa manjano na sukari nyekundu, mayai asubuhi na jioni, hakuna upepo, hakuna kugusa maji baridi. Rafiki zangu wa Ulaya walinihurumia. Mama yangu kwenye simu alishtuka kwa sababu yake: "Siku thelathini tu? Na arobaini yako je?" Wazee wawili wasiojuana lugha wakajadiliana kupitia kwangu, nikiwa nimelala, na mama mkwe akaongeza siku kumi.

Asubuhi ya kwanza

Utaamshwa saa kumi na moja na fataki. Vaa kipya. Usifagie, usitoe taka, usishike mkasi.

Kisha ni kwenda nyumba kwa nyumba kusalimia kwa kupiga magoti, ketou. Miji mingi imeacha, lakini vijiji vyetu vya magharibi ya Shandong bado. Wanawake walioolewa ukoo mmoja hutembea kundi moja, gizani, tochi za simu mbele, wanaume kundi lao. Kwenye kila nyumba yenye mzee mnaingia, mkeka umetandikwa, mnaita, "Nainai, tumekuja kukusalimia," mnapiga magoti. Mimi ni Mwanglikana wa huko Magila na nilikuwa nimeliwaza hili kwenye treni yote. Nililoamua ni hili: magoti kwa mzee aliye hai ni shikamoo. Sisi tunasema kwa mdomo kwamba tunashika miguu. Wao wanashuka mpaka ilipo. Mbele ya ile karatasi ya majina mimi huinamisha kichwa tu na kusimama nyuma, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Wewe amua lako kabla, usiamulie kwenye mkeka.

Mara nyingi hutafika chini hata hivyo. Bibi wa nyumba ya tatu, mwenye miaka tisini na kitu, aliniwahi kwapani nikiwa nusu njia, akasema, "Lai dao jiu shi tou," kufika kwako ndiyo magoti yenyewe. Akanijaza karanga na mbegu za alizeti mifukoni. Vaa koti lenye mifuko mikubwa.

Kuanzia siku ya pili wazee wa makaburini husindikizwa, fimbo huondolewa, na mabinti hurudi kwao na waume zao na maboksi ya maziwa. Wifi yangu hufika na nyumba inabadilika sauti. Siku hiyo ndiyo ya kupumzika, maana mgeni siyo wewe tena.

Kuondoka

Wanasema panda gari na jiaozi, shuka gari na tambi. Ukifika ulipikiwa tambi. Ukiona jiaozi asubuhi isiyo na sikukuu, ni zako za safari. Kula hata kama treni ni saa mbili.

Mzigo wa kurudi utakuwa mkubwa kuliko wa kwenda. Mama mkwe hupanga mayai ndani ya ndoo, tabaka la mayai, tabaka la ulezi, mpaka juu, ili yasivunjike na tupate ulezi vilevile. Usimwambie kwamba Yiwu mayai yapo. Mwaka jana nilisema, akaongeza kuku.